Ziro ya kidato cha nne huanzia kidato cha kwanza

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Katika sekondari ya kata iliyo kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Ilemela, Magu, Buchosa au Ukerewe, kinachofuata kinajulikana. Bodi inaitwa, mkuu wa shule anajieleza, idadi ya ziro inasomwa mbele ya wazazi, na kikao kinaazimia kwamba mwaka huu kidato cha nne waingie kambi mapema. Wazazi wanachanga unga na maharage, walimu wanagawana vipindi vya jioni, Novemba mtihani unafanyika. Januari inayofuata ziro zimepungua kidogo au zimebaki zilezile, na kikao kinaazimia kambi tena.

Walimu wanaoendesha kambi hizo hujituma kwelikweli. Kasoro iko mahali nguvu yao inapoelekezwa. Chukua madaftari ya mwanafunzi aliyepata ziro, yapange kuanzia la kwanza, ufunue kurasa moja moja. Utaona pale majibu yake mwenyewe yanapokoma na kunakili kunapoanza. Mara nyingi si kidato cha tatu wala cha nne, ni kati ya Januari ya kidato cha kwanza na katikati ya kidato cha pili. Kambi inamkuta akiwa nyuma kwa miaka mitatu, na miezi minne haiwezi kulipa deni la miaka mitatu.

Namba iliyo nyuma ya ziro

Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A, yaani maksi 75 na kuendelea, ni pointi 1. B (65 hadi 74) ni 2. C (45 hadi 64) ni 3. D (30 hadi 44) ni 4. F ni 5. Jumla ya pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Pointi 34 au 35 ni ziro.

Sasa piga hesabu ya mkiani. D mbili na F tano ni pointi 33, daraja la nne. D moja na F sita ni 34, ziro. Aliyehesabiwa amefaulu na aliyehesabiwa amefeli wametofautiana kwa D moja tu. Mwalimu yeyote wa taaluma analijua hili, ndiyo maana kambi nyingi huishia kutafuta D mbili: ya Kiswahili, na ya somo jingine moja lenye maswali ya kukariri. Ziro zikishuka, taarifa ya shule inapendeza.

Lakini mwenye D mbili anakwenda wapi? Kuchaguliwa kidato cha tano kunahitaji C zisizopungua tatu. Vyuo vingi vya astashahada vinataka D nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Shule inaweza kupunguza ziro miaka mitatu mfululizo bila kumfungulia mlango mtoto hata mmoja zaidi. Bodi inayotaka kujua hali halisi iache kuuliza ziro ni ngapi, iulize wangapi wamepata C tatu, wangapi wamepata angalau D nne, na wale wa kidato cha pili wamefanya nini kwenye Upimaji wa Kitaifa. Namba hiyo ya tatu ndiyo inayotabiri mbili za kwanza, na inatoka miaka miwili kabla, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Anayefika Januari

Sekondari za kata zilisambaa kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004 kwa lengo la kila kata kuwa na sekondari yake. Wananchi walibeba mawe na mchanga, wakapandisha maboma hadi kwenye lenta, halmashauri zikaezeka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaondoa ada kuanzia Januari 2016, na vyumba vikajaa. Mwaka 2021 Serikali ikajenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, kati yake 12,000 ya sekondari, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Majengo yamesogea sana, hilo halina ubishi. Idadi ya walimu, hasa wa hisabati na fizikia, haikusogea kwa mwendo huo.

Mtoto naye anafika na mzigo wake. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila moja maksi 50, jumla 300. Daraja C huanzia maksi 121, kwa hiyo anayechaguliwa kwa C ya chini amekosa karibu maksi sita katika kila kumi. Tena maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Mtoto anaweza kumaliza miaka saba na kufaulu bila kutakiwa kuandika aya moja yake mwenyewe. Kabla majina hayajafika kwenye kata, waliofanya vizuri zaidi wamekwishachukuliwa na shule za vipaji maalumu, za ufundi na za bweni. Kuilinganisha shule ya kata na shule hizo kwa jedwali moja la matokeo ni kuionea. Kipimo cha haki ni kile kinachouliza mtoto alifika na nini na ameondoka na nini.

Lugha inapogeuka

Mtoto wa kisiwa cha Ukara huongea Kikara nyumbani, wa kisiwa cha Kome Kizinza, wa Magu Kisukuma. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Siku anayovaa sare ya sekondari, karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe yanageuka kuwa ya Kiingereza, na mitihani vilevile. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeubakiza utaratibu huo.

Kinachotokea darasani kinafanana shule hadi shule. Mwalimu anaandika noti za Kiingereza ubaoni, anaeleza kwa Kiswahili, wanafunzi wananakili. Katika kipindi cha dakika 40, kunakili kunakula dakika 20 hadi 25. Maelezo ya Kiswahili yanaeleweka, na yasingekuwepo wengi wasingeambulia kitu. Ila ufahamu huo hauna njia ya kutoka. Mtoto anajua kwa nini mmea unahitaji mwanga, anaweza kukueleza vizuri njiani akirudi nyumbani, lakini swali likimtaka aandike sentensi mbili anaacha nafasi wazi, au ananakili swali lenyewe kama jibu. Msahihishaji anayekutana na karatasi ya namna hiyo hana pa kuweka tiki.

Kozi ya lugha ya wiki za mwanzo ipo kwa ajili ya kuvuka hapo, na inaharibika kwa sababu tatu. Kwanza, wanafunzi wanaripoti kidogo kidogo hadi Machi, kwa hiyo kozi inaanza na nusu ya darasa na wanaochelewa hawairudii. Pili, inaachwa mikononi mwa mwalimu wa Kiingereza peke yake, ilhali maneno yanayomshinda mtoto ni ya biolojia, jiografia na hisabati. Tatu, inakatizwa mapema kwa hofu ya kutomaliza mada. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mada zinazomalizwa na mwalimu huku darasa limebaki nyuma zimemalizwa kwenye azimio la kazi tu, yaani kwenye mpango wake wa ufundishaji.

Kinachofanya kazi ni kidogo na cha kila siku. Kila mwalimu wa somo anachagua maneno matano ya kipindi, yanaandikwa pembeni mwa ubao na maana yake kwa Kiswahili, na dakika kumi za mwisho kila mwanafunzi anaandika sentensi mbili za Kiingereza zake mwenyewe akitumia maneno hayo. Sentensi zitakuwa na makosa, na ndivyo inavyotakiwa kuwa mwanzoni. Maneno ya kuamuru ya mtihani, kama "define", "state", "explain" na "calculate", yafundishwe wiki ya kwanza na yatumike katika kila zoezi, maana mtoto asiyejua anaamriwa nini hawezi kujibu hata analolijua. Kuhusu kumwadhibu mtoto kwa kuongea Kiswahili shuleni, tabia hii inazalisha darasa la kimya, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Iachwe.

Vipindi ambavyo havipo

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na panahitaji kalamu na karatasi.

Tuchukue shule ya mfano yenye wanafunzi 600 na mikondo 12, mitatu kwa kila kidato. Hisabati ikipewa vipindi 6 kwa wiki kwa kila mkondo, shule inahitaji vipindi 72. Mwalimu mmoja akibeba vipindi 30 kwa wiki amebeba mzigo mzito tayari, bado kusahihisha. Shule inahitaji walimu watatu wa hisabati. Shule nyingi za pembezoni zina mmoja.

Vipindi 30 vikigawanywa sawa kwa mikondo 12, kila mkondo unapata viwili na nusu. Mwaka wa masomo una siku 194, yaani karibu wiki 39. Badala ya vipindi kama 466 kwa miaka miwili hadi Upimaji wa kidato cha pili, mwanafunzi anapata kama 194, na hapo hatujatoa wiki za mitihani, semina, michezo na siku mwalimu anapougua. Muhtasari wa somo wa miaka miwili unafundishwa kwa chini ya nusu ya muda wake. Hisabati ndilo somo linalofelisha zaidi nchini, kwa miaka ya karibuni mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne au watano ndiye hufaulu kidato cha nne, na anayeona hesabu hii ya vipindi hatashangaa.

Tena vipindi havigawanywi sawa. Mkuu wa shule anayebanwa na matokeo humweka mwalimu huyo mmoja kidato cha tatu na cha nne, na wa chini wanaachiwa mwalimu wa kujitolea au mwalimu wa somo jingine anayesaidia. Ndiyo sababu mwalimu mzuri anapoingia kidato cha tatu anakuta darasa lisilojua kujumlisha sehemu, na anaanza kufundisha aljebra juu ya msingi ambao haupo.

Kuna namna ya kuupanga upungufu ili uumize kidogo. Mikondo sita ya kidato cha kwanza na cha pili ipewe vipindi 4 kila mmoja na mwalimu huyo mwenye somo: jumla 24. Kidato cha tatu kiunganishwe mikondo yote mitatu bwaloni au chini ya mti wenye ubao, vipindi 3; kidato cha nne vivyo hivyo, vipindi 3. Jumla ni 30. Vipindi vinavyobaki wakubwa wafanye mazoezi katika vikundi, wakisimamiwa na mwalimu yeyote aliye huru. Ni kweli kidato cha nne wa mwaka wa kwanza watapoteza kitu, na mkuu wa shule awaambie wazazi hilo waziwazi kabla ya kuanza. Faida inaanza kuonekana kwenye Upimaji wa mwaka wa pili. Mkuu anayehamishwa katikati ya mpango huu huuacha yatima, kwa hiyo uandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha bodi na nakala imfikie afisa elimu sekondari wa halmashauri.

Mahali pa kipindi kwenye ratiba nako kuna uzito. Hisabati ikiwa saa ya kwanza, inawakosa wote wanaochelewa, nao ni walewale kila siku: wanaotoka ng'ambo kwa mtumbwi, wanaoachwa na daladala kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, waliotumwa alfajiri mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Wakifika wanawekwa nje kuadhibiwa na wanapoteza na kipindi cha pili. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka mwisho wa viboko vinne, tena vya mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi, ila hata adhabu iliyo ndani ya kanuni ikitolewa saa ya masomo inamnyang'anya mtoto somo. Hisabati ikae kipindi cha tatu hadi cha tano, kabla njaa ya mchana haijapanda, na adhabu yoyote isubiri mapumziko.

Giza, mbalamwezi na rejista

Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola, kwa hiyo huvuliwa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika kwa siku kadhaa, ikirudi giza kazi inaanza upya. Asubuhi baada ya usiku wa giza kuna mzigo wa kupakua, kuanika, kugeuza na kuanua kabla mvua haijaunyeshea, na mikono ya watoto inahitajika. Wavulana wa kidato cha pili wanaanza kwa kusaidia, kisha wanalipwa, kisha hawarudi.

Shule iliyo karibu na mwalo ikipima mahudhurio kwa mwezi wa kalenda haitaona kitu, wastani utafunika kila kitu. Mwalimu wa darasa aandike idadi ya waliopo kila siku kwenye karatasi moja ya miezi mitatu, na chini yake aweke alama ya usiku wa mwezi mpevu na wa giza. Umbo litajitokeza lenyewe. Likijitokeza, majaribio na mada mpya ngumu zipangwe wiki za mbalamwezi, na wiki za giza ziwe za marudio. Huku si kuubariki utoro. Ni kuzuia utoro wa siku nane usigeuke kuwa mada nzima iliyopotea.

Kuzungumza na mzazi mmoja mmoja kunasaidia kidogo, kwa sababu mzazi mara nyingi si mwenye chombo. Wanaoweza kubadili mambo ni matajiri wa mitumbwi na uongozi wa mwalo: makubaliano kwamba hakuna anayempa mtoto mwenye sare au aliye kwenye orodha ya shule kazi ya kupakua kati ya saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri. Orodha ya majina iwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa viongozi wa mwalo, ihuishwe kila muhula. Bila orodha, makubaliano hayana meno, maana kila mtoto ataambiwa ameshamaliza shule.

Wasichana wanapotea kwa njia nyingine. Shule ikiwa mbali, wanapanga chumba karibu nayo, wawili au watatu, bila mtu mzima, wakijinunulia chakula. Hatari iliyopo hapo haihitaji kuelezwa sana. Sheria inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba, na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, lakini zote mbili zinakuja baada ya tukio. Kinga ni hosteli. Kama haipo, basi orodha ya kila nyumba yenye wanafunzi waliopanga, jina la mwenye nyumba, na mwalimu wa malezi anayepita kila wiki pamoja na mama mmoja wa mtaa huo.

Chungu, maji na kichocho

Mtoto aliyeondoka nyumbani saa 11 alfajiri bila kula haelewi chochote baada ya saa 6 mchana, na chakula ndicho kinachowavutia wengi kurudi kesho. Makande yanahitaji gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage kwa kila mwanafunzi. Kwa siku 194 hiyo ni kilo 29 za mahindi na kilo 10 za maharage kwa mtoto mmoja kwa mwaka: takriban debe moja na nusu la mahindi na nusu debe la maharage. Familia nyingi zinaweza kutoa kiasi hicho ikiwa watadaiwa baada ya mavuno, kwa debe, badala ya kudaiwa fedha taslimu mwezi Januari. Shule za ziwani zina bahati nyingine. Gramu 10 za dagaa wakavu kwa mtoto, kilo 6 kwa siku kwa watoto 600, zinaongeza protini na madini ya chuma kwa bei ndogo. Wachukuliwe waliokaushwa kwenye chanja, wa mchangani wanaharibu chakula kizima.

Mpango wa chakula huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Kuu ni kuwapikia waliochangia tu: wengine wanakaa nje wakitazama, na ndani ya mwezi hata waliochangia wanaona aibu kula. Waraka wa elimu bila ada haumruhusu mtu kumrudisha mtoto nyumbani kwa mchango, hivyo weka pengo la asilimia fulani tangu mwanzo na ulifidie kwa shamba la shule au mchango wa wenye uwezo. Sababu nyingine ni ghala. Mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na dumuzi humaliza yaliyobaki. Kabla ya kupokea debe, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yarudi kuanikwa. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Maji ya kupikia na ya vyoo huwa ni kazi ya wanafunzi, ndoo moja kila asubuhi kutoka ziwani. Hapo shule inawaingiza wenyewe kwenye kichocho, kwa kuwa vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi na kupenya ngozi ya anayesimama majini. Kichocho hupunguza damu, huchosha, huumiza tumbo, na mwanafunzi anayesinzia kila siku anaitwa mvivu. Dawa ipo, praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, nayo hunywewa baada ya kula. Kampeni za kugawa dawa hulenga zaidi watoto wa miaka 5 hadi 14 kwenye shule za msingi, kwa hiyo wengi wa sekondari wanakuwa wamevuka umri. Mkuu wa shule anaweza kumwandikia mganga mkuu wa wilaya kuomba wajumuishwe. Kisha azuie maambukizi mapya: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la darasa lenye mita za mraba 80, ukitoa theluthi au robo inayopotea, linajaza tangi la lita 5,000 kwa mvua ya milimita 80 hadi 95, ambayo Mwanza hupatikana ndani ya mwezi mmoja wa masika. Gharama ni mifereji, bomba na tangi. Vyoo vikipata maji, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25 ndicho kiwango cha kufikia.

Fedha zinavyotosha na zisivyotosha

Kwa kila mwanafunzi wa kutwa Serikali hufidia ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000, nusu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 12,500 ndiyo hufika shuleni. Shule yetu ya wanafunzi 600 inapata milioni 12 na milioni 7.5, jumla milioni 19.5, sawa na 1,625,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, umeme, maji, ukarabati, kemikali za maabara, mitihani, michezo na safari za ofisi. Mlinzi na mpishi mara nyingi wanategemea wazazi.

Mtihani mmoja wa ndani, masomo 9, karatasi 2 kwa kila somo, kwa wanafunzi 600 ni karatasi 10,800, karibu rimu 22. Rimu ikiwa shilingi 12,000, ni 264,000 kabla ya wino. Mitihani minne kwa mwaka imevuka milioni moja. Kwa watoto wa kidato cha kwanza fedha hizo hazina faida kubwa: jaribio la maswali kumi ubaoni kila Ijumaa, likasahihishwa papo hapo kwa kubadilishana madaftari, linaonyesha mengi zaidi na halina gharama. Karatasi zibaki kwa kidato cha pili na cha nne, wanaohitaji kuzoea mtihani uliochapwa. Jambo jingine la kuangalia ni takwimu: fedha hufuata idadi ya wanafunzi iliyo kwenye mfumo wa takwimu za shule, kwa hiyo aliyehamia ambaye hajaingizwa anakula chaki ya wenzake.

Wiki kumi za kuanzia

Shule yenye uwezo wa kufanya jambo moja tu mwaka huu, ifanye hili. Wiki ya pili ya Januari, kila mtoto wa kidato cha kwanza asome kwa sauti mbele ya mwalimu aya ya Kiswahili ya maneno 60, kisha aya ya Kiingereza ya maneno 40, kisha afanye hesabu kumi zikiwemo 7 mara 8, 302 kutoa 147, robo tatu kujumlisha nusu, na asilimia 15 ya 2,000. Kusoma kunachukua dakika nne kwa mtoto. Watoto 200 wakigawanywa kwa walimu wanane ni 25 kwa kila mmoja, chini ya saa mbili. Hesabu wafanye wote pamoja.

Yatatokea makundi matatu: wachache wasiosoma Kiswahili kwa ufasaha, wengi wanaosoma Kiswahili na kukwama kwenye Kiingereza, na wachache wanaosoma vyote polepole. Kwa wiki kumi, vipindi viwili vya kila siku viwe vya makundi haya, bila kujali mkondo wa mtoto: kimoja cha kusoma na kuandika, kimoja cha hesabu za msingi. Wapimwe tena wiki ya tano, wahamishwe kundi waliosogea, na tena wiki ya kumi. Wanaoripoti Machi wapimwe siku wanayofika.

Mpango huu huharibika pale kundi la chini linapopewa mwalimu mgeni zaidi, ilhali ndilo linalohitaji mzoefu kuliko wote. Huharibika makundi yakiitwa kwa majina ya kudhalilisha. Na huharibika mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anapokuja Februari, akakuta azimio la kazi halilingani na linalofundishwa, mwalimu akaogopa na kurudi kwenye noti. Kwa hiyo wiki hizo kumi ziandikwe ndani ya azimio la kazi la kila somo, na taarifa itangulie ofisi ya uthibiti ubora kwa barua.

Muda wa kuzoea mpango huu si mrefu. Chini ya sera mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita na sekondari ya chini inakuwa ya lazima. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita mwishoni mwa 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza la saba. Shule ya mfano inayopokea 200 itatazamia karibu mara mbili yake Januari 2028. Vyumba saba vya ziada vitahitajika kwa mikondo ya watoto 40, na vipindi vya hisabati vya kidato cha kwanza peke yake vitapanda kutoka 18 hadi 60 kwa wiki ikiwa kiwango hicho cha 40 kitaheshimiwa. Maombi ya walimu yanapita kwenye ikama ya halmashauri, yaani makadirio ya watumishi wake, na ikama hupangwa pamoja na bajeti, miezi mingi kabla ya mtoto kuvaa sare.